Homa ya Papasi katika Njia za Uzigua

Nyumba ya udongo ya Handeni na ya bonde la Pangani, iliyosimamishwa kwa fito, ikakandikwa na kuezekwa nyasi, ilikuwa aghalabu na mkazi mmoja asiyeonekana mchana, naye ni papasi. Huyu si yule kupe ang'ang'aniaye ngozi ya ng'ombe siku kwa siku hata akavimba mbele ya macho ya watu. Ni mdudu wa rangi ya vumbi, mwenye ngozi ya makunyanzi, akaaye katika nyufa za kiambaza na katika udongo mkavu wa sakafu, ambaye hutoka usiku, akamnyonya aliyelala kwa muda ambao kwa kawaida hautimii saa, kisha akarejea mafichoni kabla ya alfajiri. Njaa haimwui upesi, kwa maana aweza kustahimili miaka bila ya kula, na kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa kwa sababu ya vita au ukame ilibaki na hatari yake kwa mgeni wa kwanza atakayetandika mkeka ndani yake. Katika kunyonya huko ndipo anapomwachia mtu kijidudu chembamba kilichojisokota, ambacho ndicho chanzo cha homa ya papasi.

Nchi hii katika karne ya kumi na tisa ilikuwa njia kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Misafara iliyotoka Pangani ilipanda kwa kuufuata mto kuelekea Kilimanjaro na Umasai, na ile iliyotoka Saadani ilikata Uzigua kwenda bara, ikiwa na wapagazi waliochukua nguo, shanga na waya wakaenda, wakarudi na pembe. Kila jioni mizigo ililazwa chini, mikeka ikatandikwa katika vibanda vile vile walimolala waliotangulia, na papasi akajipenyeza katika vifurushi akasafiri bila ya kulipa ushuru. Wenyeji, ambao walikuwa wameumwa tangu utotoni, mara nyingi walikuwa na kinga ya namna fulani. Mgeni ndiye aliyeanguka, akaachwa kambini taabani, na wenzake wakasema kwamba hewa ya mahali pale haikupatana naye.

Matabibu walichelewa kuijua siri hii, lakini walipoijua waliijua karibu kwa wakati mmoja. Huko Entebbe mwaka 1904 Ross na Milne walionyesha kwamba homa ya kupe iliyokuwa Uganda, ambayo ndiyo hii ya papasi, hutokana na kijidudu kilichomo katika damu. Mwaka uliofuata Dutton na Todd, waliokuwa Kongo kwa uchunguzi huo huo, wakaugua wenyewe, na Dutton akafariki Kasongo mwezi wa Februari 1905, hata kijidudu kile kikapewa jina lake. Katika mwaka huo huo Robert Koch alikuwa katika nchi yetu, iliyokuwa chini ya Wadachi, yaani Wajerumani, akizifuata njia za misafara na kuwapasua papasi wa kambini, naye akathibitisha jambo ambalo hata leo lapaswa kumshitua mwenye nyumba: kwamba papasi jike huurithisha ugonjwa katika mayai yake, na kwamba kizazi kisichopata kumwuma mgonjwa hata mmoja chaweza kuzaliwa tayari na madhara.

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mtu angedhani kwamba kwa kufa kwa msafara hadithi ya papasi ingekoma. Haikukoma, kwa kuwa baada ya msafara lilikuja shamba la mkonge, na mkonge ulihitaji watu wengi kuliko pembe za ndovu. Manamba waliletwa kutoka mikoa ya mbali, hususan baada ya kuundwa kwa SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, mwaka 1944, wakalazwa makambini wakiwa na mabunda yao, watu wasio na kinga ya mahali pale pamoja na watu waliokuja na papasi wa kwao. Msafara ulikuwa umebadilika jina tu.

Ningependa msomaji atue hapa kidogo, kwa maana maradhi haya yana tabia iliyowapoteza wengi. Homa humshika mtu kwa ghafla, pamoja na kuumwa na kichwa, mgongo na viungo, ikamtesa siku tatu hivi, kisha ikakatika kwa jasho jingi. Mgonjwa akaomba uji, akatoka uani, akamshukuru Mungu. Wiki moja baadaye ikarudi, na baada ya hiyo ikarudi tena, pengine hata mara kumi, kwa kuwa kijidudu kile hubadili sura yake kila mwili unapokwisha kukitambua, na masalio yake huweza kujificha katika ubongo. Wapo waliobaki na macho mekundu yenye kuuma, wapo waliopooza upande mmoja wa uso, na wapo wanawake wajawazito, ambao ndio walioumizwa kuliko wote, waliopoteza watoto wao kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Basi fikiri jinsi mtu wa namna hii alivyozipima dawa. Aliyekwenda kwa mganga siku ya tatu alipona siku ya nne, na mizizi ikasifiwa. Aliyepewa kwinini siku ya tatu alipona siku ya nne, na kwinini ikasifiwa. Na homa iliporejea, wa kwanza aliambiwa kwamba mizimu haijaridhika, na wa pili kwamba amepata malaria mpya. Hakuna aliyedanganya, kwani ugonjwa wenyewe ndio uliokuwa ukimpa kila tabibu ushahidi wa uwongo, na kwa sababu hiyo simlaumu mzee wa Kizigua aliyeshika dawa za wazazi wake, ambazo machoni pake zilifaulu sawasawa na za dukani.

Dawa yenye nguvu ya kweli ilitokea Ujerumani, pale Ehrlich na msaidizi wake Hata wa Japani walipoitoa Salvarsan, ikauzwa tangu mwaka 1910. Nayo ilikuwa ya zarniki, ikiwaokoa watu kwa hadhari kubwa. Baada ya vita vya pili ikaja penisilini, kisha tetrasaiklini, zikawa rahisi na salama zaidi, ingawa tetrasaiklini haipendelewi kwa wajawazito na kwa watoto wadogo, nao hupewa nyingine. Hata hivyo tiba hii ina mtihani wake: katika saa za kwanza baada ya dawa, vijidudu vinapokufa kwa wingi, mgonjwa huweza kutetemeka kwa nguvu, joto likapanda na mshipa wa damu ukalegea, na kwa mtu dhaifu hali hiyo ni ya hatari. Aliyedungwa sindano akaenda nyumbani peke yake, akazidiwa njiani, hakustahili kulaumiwa akiikimbia zahanati. Alistahili kuambiwa mapema, na kuangaliwa hata dhoruba ipite. Fauka ya hayo, homa ya papasi hutaka dawa kwa siku saba hadi kumi, na mtu aliyejisikia mzima siku ya pili huona tabu kuzimaliza.

Papasi mwenyewe alipunguzwa na unga wa dawa ya wadudu uliotiwa majumbani baada ya vita, na kwa kudumu zaidi na saruji, kitanda na bati.

Hakuondoka katika Tanzania nzima. Mwaka 2003 mtafiti Kisinza na wenzake walitoa habari za vijidudu vya jamii hii katika papasi wa kati ya nchi, na katika damu ya watu, wengine wao wakiwa hawana homa. Kwa upande wetu wa kaskazini mashariki, shida ni kwamba homa nyingine huweza kufichwa na jina la malaria: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulihusu hospitali 10, na katika wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali, waliokutwa na vimelea vya malaria hawakufika nusu. Huko Moshi, katika wagonjwa 870 wa homa ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2013, 528 waliitwa wa malaria, na kweli walikuwa 14 tu; miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye homa nyingine zinazoletwa na kupe. Zamani mpima damu wa Korogwe, akitafuta malaria katika darubini, aliweza kukiona kijidudu cha papasi bila ya kukitafuta. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho ni neema kubwa vijijini, hakiwezi kukionyesha. Kwa hiyo mtu ambaye homa yake imekatika na kurudi, na kipimo kikakana malaria, ana haki ya kuomba damu yake itiwe kiooni na kutazamwa, na iwe ni damu iliyotolewa wakati homa imepanda, kwani katika siku za nafuu kijidudu hicho ni nadra kuonekana.