Orodha tegemezi katika fomu za mtandaoni
Kenya ina kaunti 47, maeneobunge 290 na wadi 1,450. Fomu ya mtandaoni inayomlazimu mwombaji wa basari kuisaka wadi yake katika orodha moja ndefu humtaabisha bure. Ndipo hutumika orodha tegemezi, ambayo yaliyomo hufuata chaguo lililotangulia: akiteua Lamu, orodha ya pili humwonyesha Lamu Mashariki na Lamu Magharibi pekee, akiteua Lamu Mashariki, ya tatu humpa Faza, Kiunga na Basuba.

Kila wadi huhifadhiwa kwa nambari yake pamoja na ya eneobunge lake. Jina halitoshi: wadi ya Township ipo Kitui, ipo pia Wajir.

Aghalabu mambo huharibika mwombaji anapobadili nia. Akirudi juu na kuteua Mombasa, orodha za chini sharti zifutwe papo hapo. La sivyo Faza itasalia chini ya Mombasa, na ombi la karo likataliwe. Seva nayo haina budi kuuhakiki uhusiano huo upya, hatua ambayo wengi huipuuza, kwani programu ya JavaScript inayoziendesha orodha hizi hutendea kazi kwenye kompyuta ya mwombaji, na yaweza kuzimwa au kuchezewa.