Marubani Hukumbuka Milima

Muulize Mkenya yeyote akutajie ajali za ndege anazozikumbuka, atakutajia watu. Saitoti. Kones na Laboso. Jenerali Ogolla. Muulize rubani, atakutajia mahali. Kibiku. Aberdare. Marsabit. Busia, zile nyaya za umeme. Mimi nimekulia kati ya stori hizi mbili, kwa sababu mjomba wangu alikuwa fundi wa injini katika Uwanja wa Wilson miaka mingi kabla hajastaafu na kurudi kwetu Mbumbuni, na sasa naishi Lang'ata, ambapo kila dakika chache kuna ndege ndogo inapita juu ya paa. Imenichukua muda kuelewa kwamba hizi ni historia mbili tofauti za nchi moja.

Tarehe 28 Oktoba 2025, asubuhi, ndege aina ya Cessna Caravan iliondoka Diani ikielekea Kichwa Tembo, Maasai Mara. Haikufika mbali. Ilianguka kwenye vilima vya Kwale na watu wote 11 wakafa: Wahungaria 8, Wajerumani 2, na rubani, Mkenya. Simu zetu zilijaa picha za moshi, na maswali yakawa yale yale: ni kampuni gani, ni watalii gani, kulikuwa na mkubwa ndani?

Jioni hiyo niliketi na marubani wawili vijana na mzee mmoja aliyestaafu. Hakuna aliyeuliza nani. Waliuliza mawingu yalikuwa chini kiasi gani. Waliuliza saa. Kisha mzee akasema "Aberdare", neno moja tu, na wale wengine wakatikisa kichwa. Baada ya hapo orodha ikaanza kujitaja yenyewe. Hawakuwa wakisema kwamba sababu ni ile ile, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Lakini ndivyo wanavyoomboleza. Rubani akianguka, wenzake humweka kwenye ramani pamoja na waliomtangulia.

Aberdare ni tarehe 5 Juni 2018. Caravan nyingine, kutoka Kitale kuja Nairobi, abiria 8 na marubani 2, wote wawili wanawake. Ilipotea jioni. Kwa siku mbili familia zilikaa zikisubiri huku ukungu na baridi vikiwazuia waokoaji, hadi mabaki yakaonekana kwenye mteremko wa mlima. Hakuna aliyepona. Kama wewe hukumjua mtu yeyote ndani yake, pengine umeshaisahau. Marubani hawajaisahau, kwa sababu ile njia bado wanaipita.

Kwa nini milima? Sisi wa Makueni tunajua ukungu wa Mbooni asubuhi za mwezi wa Julai, ule unaomfanya dereva wa matatu atoe kichwa dirishani na kutambaa kama kobe. Ndege haiwezi kutambaa. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, kilomita moja inaisha kwa sekunde 12. Rubani aliyekuwa akiruka kwa kutazama nje, kisha akajikuta ndani ya wingu, ana adui mwingine tena: sikio lake mwenyewe. Umajimaji ulio ndani ya sikio ndio unaotuambia tumesimama wima au tumelala upande. Ndege ikipinda polepole kwa muda, sikio linazoea na kusema tuko sawa, twende. Ni vipimo peke yake vinavyosema ukweli, na kuviamini dhidi ya mwili wako mwenyewe ni jambo linalofunzwa kwa miezi na kujaribiwa kwa sekunde.

Orodha hii ni ya zamani kuliko nchi yenyewe. Tarehe 12 Machi 1928 Maia Carberry, mwanamke wa kwanza kujulikana kama rubani hapa Kenya, alianguka na kufa Nairobi pamoja na mwanafunzi aliyekuwa akimfundisha. Mwaka uliofuata Florence Wilson akaanzisha Wilson Airways, na ni jina lake ambalo uwanja unalibeba hadi leo. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton aliruka kutoka Voi kurudi Nairobi kwa ndege yake ya Gipsy Moth. Ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, ikawaka moto.

Huyo Finch Hatton unamjua hata kama hujui unamjua. Karen Blixen alimzika kwenye milima ya Ngong na kumwandika kitabuni, kisha Hollywood ikamtengenezea filamu. Lakini kwenye ile ndege walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu. Vitabu vinamtaja kwa maneno machache na kupita. Moto ule ule, dakika ile ile, na mmoja akapata mnara wa ukumbusho huku mwingine akipata nusu sentensi. Tangu mwanzo kabisa, historia ya ajali za ndege nchini imekuwa historia ya wenye majina.

Baada ya uhuru majina yalibadilika, mtindo haukubadilika. Januari 2003, serikali ya NARC ikiwa bado na harufu ya rangi mpya, ndege iliyobeba mawaziri ilipaa kutoka kiwanja cha Busia ikagonga nyaya za umeme. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alikufa pamoja na marubani wawili. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyobeba ujumbe wa amani ilianguka Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 17 walikufa 14, akiwemo Bonaya Godana na wabunge wengine. Tarehe 10 Juni 2008, Kipkalya Kones na Lorna Laboso. Tarehe 10 Juni 2012, George Saitoti na Orwa Ojodeh, kwenye helikopta iliyoangukia Kibiku, Ngong, na kuua watu 6.

Umeona tarehe hizo mbili za mwisho? Juni kumi na Juni kumi. Wakenya pia waliziona, na hadi leo kuna watu ambao hutawaambia kitu. Mimi siwacheki. Nchi ambayo Tom Mboya alipigwa risasi mchana mjini mwaka 1969, J.M. Kariuki akakutwa ameuawa mwaka 1975, na Robert Ouko mwaka 1990, imefundishwa na historia yake kutoamini tangazo la kwanza. Shaka yetu ilinunuliwa kwa bei ghali. Ndiyo maana Aprili 2024, helikopta ya kijeshi ilipoanguka Elgeyo Marakwet na kumuua Mkuu wa Majeshi Francis Ogolla na wenzake 9, swali la "nani?" lilitoka kabla moto haujazimwa. Ogolla mwenyewe alikuwa rubani wa jeshi la anga. Nadhani yeye angeanza na swali jingine.

Shida ya "nani?" si kwamba ni swali baya. Shida ni kwamba likishaketi mezani, maswali mengine yanakosa kiti. Nyaya zile ziliwekwa karibu na kiwanja kwa ruhusa gani? Ni nani hutoa habari za hewa kwenye viwanja vidogo visivyo na mnara? Rubani akikataa kuruka kwa sababu ya mawingu, na bosi au mheshimiwa amechelewa mkutano, je, kesho atakuwa na kazi? Haya ni maswali ya kuchosha, hayana mhalifu wa kutosha kutrendi. Lakini ndiyo yanayookoa ndege inayofuata. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kenya inaufuata, una kiambatisho kizima, cha 13, kinachosema uchunguzi wa ajali lengo lake ni kuzuia nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30. Nchi nzima huwa macho siku tatu za kwanza. Siku ya 30 tumeshahamia kwingine.

Na hii si habari ya wenye pesa za kupanda ndege pekee. Machi 2024, ndege ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Diani, juu ya Mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi salama. Mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Agosti 2025 ndege ya AMREF iliyotoka Wilson ilianguka Mwihoko, karibu na Githurai. Walikufa wote 4 waliokuwa ndani, na watu 2 waliokuwa chini, kwenye shughuli zao za kila siku. Hata kule Mbumbuni, ambapo nyanya yangu huita kila kinachonguruma juu "ndeke" na hajawahi kukanyaga ngazi ya hata moja, njia za kwenda pwani hupita juu ya mahindi yake.

Kwa hivyo naona marubani wana kitu cha kutufunza sisi tunaoandika historia. Ukiipanga orodha kwa mahali badala ya vyeo, yule mtumishi anarudi pale Voi sawa kabisa na Finch Hatton. Abiria wa Kitale wanasimama sambamba na mawaziri. Wale wawili wa Mwihoko, ambao hawakununua tiketi yoyote, nao wanahesabiwa. Na unaanza kuona kwamba mlima ule ule, wingu lile lile na haraka ile ile vimekuwa vikituua kwa karibu miaka mia moja, bila kujali tulikuwa tumempigia nani kura.