Mashua Iliyobebwa kwa Vipande

Mara nyingi tunadhani kwamba kununua chombo kilichotenganishwa vipande, kisha kumwita fundi wa mahali akiunganishe, ni desturi ya siku hizi za pikipiki zinazotoka katika masanduku. Lakini nchi yetu ya Maniema iliyaona hayo tangu Oktoba 1876.

Mwezi huo Henry Morton Stanley, akitoka Ziwa Tanganyika, alipita nchi ya Kabambare, akafuata bonde la Mto Luama, akafika karibu na Kasongo. Msafara wake ulichukua mabegani mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa na James Messenger huko Teddington, Uingereza. Urefu wake ulikuwa futi 40, nayo iligawanyika vipande vitano. Ilipofika Unguja ilidhihirika kwamba aliyeiunda hakuzijua njia zetu za miguu: vipande vilikuwa vizito kupita kiasi, ikabidi vikatwe upya huko huko. Tangu hapo kila palipotokea maji makubwa, Ziwa Viktoria mwaka 1875, Tanganyika mwaka 1876, watu waliokodiwa Unguja kwa mapatano na mshahara wa mwezi walivitua vipande, wakaviunganisha, wakaingia kupiga makasia, na Uledi akashika usukani. Wachukuzi wa mashua walichaguliwa kwa nguvu zao, nao walilipwa zaidi ya wapagazi wengine. Walistahili. Katika msitu wa kaskazini ya Nyangwe njia ilipanuliwa kwa shoka ili vipande vipite, na hao ndio waliofika kambini wa mwisho, wamechoka kabisa. Tarehe 19 Novemba 1876 mashua iliwekwa katika Lualaba.

Hapo Kasongo palifanyika mapatano mengine. Stanley alimwomba Tippu Tip amsindikize kwa vituo 60. Stanley ameandika kwamba ujira ulikuwa dola 5,000; Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizozitunga kwa Kiswahili, anasema 7,000. Waliagana kabla ya vituo kutimia, na Tippu Tip alilalamika baadaye kwamba, badala ya zawadi kubwa alizoahidiwa, aliletewa picha ya Stanley tu. Sisi tunaosoma habari hiyo tunacheka kidogo, kisha tunanyamaza. Maana huyu aliyedai haki yake alikuwa na watumwa wengi, watu wa Maniema, waliobeba pembe zake bila mapatano wala mshahara, na hao hawakuachiwa kalamu ya kulalamikia.

Hatuandiki haya kumsifu Stanley. Safari ile ilimwaga damu nyingi mtoni, nayo ilimfungulia njia Mfalme Leopold II. Tunatazama jambo moja tu: katika msafara mmoja walikuwamo mtu mwenye mapatano na mtu asiye nayo, na mzigo ulikuwa uleule. Mtume Yakobo, sura ya 5, aya ya 4, anasema juu ya ujira uliozuiliwa. Papa Leo XIII aliyarudia maneno hayo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum, akafundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi ikiwa mshahara haumtunzi mfanyakazi mwenye kiasi. Nasi wakatekista hatujasalimika. Tumewahi kumwita kijana wa parokia aunganishe viti vilivyoletwa vipande, bila kutaja bei, na jioni tukamwambia kwamba kazi ya kanisa ni sadaka. Alikuwa ametumia siku nzima, na funguo zilikuwa zake.

Tarehe 31 Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, Lady Alice iliachwa juu ya mwamba. Novemba mwaka huo watu waliosalia walirudishwa Unguja, mishahara ikahesabiwa, na jamaa za waliokufa njiani wakaja kupokea ya marehemu wao.