Polar Medal: Fundi aliyeokoa wenzake barafuni, tuzo akanyimwa

Ukiona medali ya fedha yenye pembe nane, ikining'inia kwenye utepe mweupe pe, jua mwenye nayo ameonja baridi ya Aktiki au Antaktika. Hiyo ndiyo Polar Medal, tuzo ya mfalme au malkia wa Uingereza kwa wavumbuzi na watafiti wa ncha za dunia.

Ilianza lini?
Ilianza mwaka 1857 ikiitwa Arctic Medal. Walioipata ni mabaharia wa safari za Aktiki, wakiwemo waliomtafuta John Franklin, aliyepotea huko na meli zake mbili. Mwaka 1904 ikaja na jina la sasa, kwa ajili ya timu ya Robert Falcon Scott iliyokwenda Antaktika na meli ya Discovery. Meli hiyo imechorwa kwenye medali, mbele yake watu wakivuta mizigo barafuni.

Wanawake je?
Walisubiri sana. Wa kwanza kuipata ni Virginia Fiennes, mwaka 1987. Ndiye aliyeendesha mawasiliano ya redio kambini Antaktika wakati wa safari ya Transglobe.

Nani alinyimwa?
Hapa ndipo penye utata. Mwaka 1915 meli ya Ernest Shackleton, Endurance, ilibanwa na barafu ikazama. Watu 28 wakabaki juu ya barafu, na baadaye wakafika kisiwa cha Elephant.

Seremala wao, Harry McNish, aliichukua mashua ndogo ya James Caird, isiyozidi mita 7, akaipandisha kuta na kuifunika kwa mbao na turubai. Nyufa akaziba kwa rangi na damu ya sili. Mwaka 1916 watu sita, McNish akiwemo, walivuka nayo bahari chafu hadi South Georgia kutafuta msaada. Wote 28 wakapona.

Lakini huko nyuma McNish aliwahi kugoma kuvuta mashua barafuni, akidai meli ikizama na mkataba umekwisha. Shackleton hakusahau. Medali zilipotolewa, McNish na wenzake watatu hawakupendekezwa.

McNish alifariki Wellington, New Zealand, mwaka 1930, bila medali. Mwaka 2004 kaburi lake liliwekewa sanamu ya shaba ya paka wake, Mrs Chippy, aliyepigwa risasi kwa amri ya Shackleton baada ya meli kubanwa.