Matone Mawili ya Dawa Ndani ya Jicho

Somo letu la leo ni historia ya dawa kidogo sana, kiasi cha matone mawili tu, inayoyaokoa macho ya watu.

Nyuma ya mboni ya jicho mna lenzi safi kama kioo. Lenzi hiyo ikiingia ukungu, twasema mtu ana mtoto wa jicho. Zamani waganga wa India waliisukuma kando kwa sindano. Katika mwaka 1747 daktari Mfaransa, Jacques Daviel, alipasua jicho akaitoa lenzi yenyewe. Mwaka 1949, mjini London, Harold Ridley alianza kuweka lenzi ya bandia mahali pake.

Basi, kazi ikawa njema, lakini adui mmoja alibaki: vijidudu. Jicho likipasuliwa, vijidudu vilivyo kwenye kope huweza kupenya ndani. Jambo hili ni nadra, lakini likitokea ni msiba. Jicho huuma, hutunga usaha, na mtu aliyekwenda kutafuta nuru huweza kurudi kipofu.

Madaktari walizoea kutia dawa ya matone juu ya jicho. Lakini machozi huiosha upesi, nayo huingia ndani kidogo tu. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Stockholm, nchini Sweden, walifanya vingine. Walipomaliza kupasua, waliingiza ndani ya jicho miligramu 1 ya dawa ya kuua vijidudu, iitwayo sefuroksimu.

Je, yafaa kweli? Kuamini si kujua, ilipasa kupima. Septemba 2003 madaktari wa nchi 9 za Ulaya walianza jaribio kubwa, lenye wagonjwa wapatao 16,000. Kwa kura, nusu yao walipata dawa ndani ya jicho, nusu hawakupata. Wale wasiopata walikuwa na hatari ya kuambukizwa karibu mara 5. Januari 2006 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, maana faida ilikuwa imeonekana wazi.

Huko Madurai, kusini mwa India, hospitali za Aravind zilianza mwaka 2014 kutumia dawa nyingine, moksifloksasini. Hesabu ya macho zaidi ya 600,000 ilionyesha hivi: katika kila macho 10,000 yasiyopata dawa, 7 hivi yaliambukizwa, katika yaliyopata, 2 tu.

Ndugu msikilizaji, hatari imepungua, haikwisha. Ukiwa umepasuliwa jicho, kisha likaanza kuuma, kuwa jekundu au kufifia, usingoje kesho, wala usitie dawa ya jirani. Rudi hospitali siku ile ile.

Sasa jibuni darasani:
1. Kwa nini dawa ya juu ya jicho haikutosha?
2. Kwa nini jaribio lilisimamishwa mapema?
3. Nani kijijini kwenu anaogopa kupasuliwa mtoto wa jicho? Mtamwambia nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.