Santuri hazikufa, sindano haikuwa yake

Leo mambo ya kuprogramu tuyaweke kando kidogo, kuna kosa langu nataka kulikiri.

Nyumbani kwetu hapa Airport, Changamwe, chini ya kitanda cha nyanya kulikuwa na sanduku la bati lenye santuri 17. Zile nzito, nyeusi, ambazo ukiangusha moja inavunjika kama sahani ya udongo. Nikanunua pleya ya mtumba, nikaweka ya kwanza... nikasikia mtu anakaanga mhogo! Sauti ya mwimbaji ilikuwa mbali kabisa, nyuma ya mafuta yanayochemka. Ya pili vile vile, ya tatu vile vile. Nikamwambia nyanya, "Hizi zimekufa." Mimi ndiye mtu wa kompyuta nyumbani, nani angebisha? Santuri 11 zikaenda na gari la taka. Sita akakataa zisiguswe, wala hakusema kwa nini.

Hazikuwa zimekufa. Nilichofanya ni sawa na mtu anayefungua picha kwa Notepad, akaona herufi za ajabu, akaifuta akidhani faili limeharibika.

Kosa langu lina historia ndefu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, kwenye lebo ya HMV, ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu mdogo wa India, ukachanganywa na unga wa mawe. Huo unga haukuwekwa kwa bahati mbaya. Kichwa cha gramafoni ya kukaza kwa mkono kilikandamiza santuri kwa zaidi ya gramu 100, na sindano ilikuwa ya chuma. Santuri ikizunguka mara chache tu, unga ule unainoa sindano mpaka inakaa sawasawa na mfereji. Ukimaliza upande mmoja, unatupa sindano na kuweka nyingine. Ndiyo maana ziliuzwa kwenye vikopo, kama pini.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa LP, ya plastiki, yenye mfereji mwembamba sana. Mfereji wa santuri ya shelaki ni mpana kama mara tatu ya ule wa LP. Ncha ya sindano ya LP ina nusu kipenyo cha mikromita 18 hivi, ya shelaki inataka kama 76. Sasa chukua hiyo ya 18 uiweke kwenye mfereji mpana. Haigusi kuta, ambako wimbo umeandikwa. Inashuka hadi chini kabisa, kwenye vumbi la miaka 60 au 70, inasoma taka. Mhogo wangu ulitoka huko.

Kwetu shelaki haikuondoka haraka. Nyumba nyingi hazikuwa na stima, na gramafoni ya mkono haihitaji stima, kwa hiyo santuri hizi ziliendelea kuuzwa hadi miaka ya 1960. Mombasa kulikuwa na duka la Assanand & Sons, ambao baadaye walikuwa na lebo yao wenyewe, Mzuri. Nairobi kulikuwa na lebo ya Jambo. Waliokuwa na redio-gramu walipata katriji ya kugeuza: upande mmoja sindano ya 78, upande wa pili ya LP, unazungusha kijiti kidogo tu. Yaani mzee wa mwaka 1958 alijua kitu ambacho mimi na digrii yangu sikukijua.

Haya, katriji gani? Zamani jibu rahisi lilikuwa Shure, lakini waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Mimi nikachukua Audio-Technica VM95SP: ncha ya duara, mikromita 76, na mkono unaelemewa gramu 5. Msiogope hizo gramu 5, kumbukeni zile 100. Ortofon wana 2M 78 yenye ncha ya mikromita 65. Rafiki yangu anayo, akaja nayo tukalinganisha. Santuri tano zilisikika vizuri zaidi kwa yangu. Ya sita, ambayo ilichezwa sana, ilisikika vizuri kwa yake. Sababu ni kwamba zile sindano za chuma zilikula kuta kwa kimo fulani. Ncha nyembamba kidogo inapita chini ya palipolika na kukuta ukuta ambao haujaguswa. Hapo ndipo nilipojua ni wimbo gani ulipendwa nyumbani kwetu.

Jambo jingine, unganisheni chaneli mbili ziwe mono. Wimbo kwenye santuri hizi uko kwenye kuyumba kushoto na kulia tu (Pathé za zamani sana zilikatwa juu na chini, hizo ni kesi nyingine). Ukiunganisha, kelele nyingi za juu na chini zinafutana zenyewe, bila programu yoyote. Besi na sauti nyembamba nikarekebisha kwenye Audacity, maana mizani ya RIAA tunayotumia leo ilikubaliwa mwaka 1954, na kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na yake.

Kasi pia muipime. Kwa stima yetu ya Hz 50, karatasi ya kupimia inakuwa na mistari 77. Ikionekana imesimama tuli chini ya taa, pleya inazunguka mara 77.92 kwa dakika. Tumieni taa ya zamani, LED nyingi hazipepesi inavyotakiwa.

Jumapili nyanya akakaa kwenye kiti chake, tukapiga zote sita, pande 12. Ndege ikipita juu ananiashiria nisimamishe, kisha nirudie. Zilipoisha akaniuliza ile yenye karatasi ya kijani iko wapi, mbona sijaiweka.

Ilikuwa kwenye zile 11.