Bendera ya Ufaransa Juu ya Majahazi ya Sur

Majahazi ya Sur, bandari ya Omani iliyo kusini mashariki ya Maskati, yalikuwa yakija Unguja na kaskazi na kurejea kwao na kusi tangu enzi na enzi, na nahodha wake alijulikana kwa ukoo wake na kwa jina la chombo chake kabla ya kujulikana kwa karatasi yoyote. Lililomtia mkononi hati, daftari na masharti ya serikali za mbali lilikuwa ni biashara ya watumwa, na haifai kwetu sisi watu wa pwani kulificha jambo hilo wala kulipamba.

Mkataba wa 1822 baina ya Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, na Waingereza ulizuia watumwa wasiuzwe kwa dola za Kikristo. Ule wa 1845 ukakataza wasitolewe katika milki yake ya Afrika. Na tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash wa Unguja akatia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kuharamisha kuwasafirisha kwa bahari. Manowari za Kiingereza zikapata idhini ya kusimamisha vyombo na kuvipekua, isipokuwa vile vilivyopandisha bendera ya Ufaransa, kwani dola hiyo haikukubali wakati huo kwamba Mwingereza aingie kupekua chini ya bendera yake. Basi matajiri wa Sur, waliokuwa raia wa mfalme wa Maskati na hawakupata kuwa Wafaransa, wakaziendea ofisi za Kifaransa za Unguja, Mayotte, Nosy Be na Obock kuomba hati. Na ingawa wengi wao walichukua tende, chumvi na boriti, hapana shaka wako walioitaka bendera ile iwe pazia. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London, iliyokuwa imetia nanga Unguja, aliuawa karibu na Pemba alipokikaribia chombo chenye bendera hiyo, nacho kilikuwa kimepakia watumwa.

Tarehe 2 Julai 1890 madola yaliyokutana Brussels yakaandika sharia ambayo, kwa rai yangu, ndiyo ya kwanza kuligusa jahazi lenyewe tangu omo hata tezi. Mwenye chombo cha kienyeji hapewi bendera ya dola ila awe raia wake au mtu aliye katika himaya yake. Athibitishe kuwa ana mali isiyohamishika katika wilaya anayoombea, au alete mdhamini mwenye uwezo wa kulipa faini. Naye pamoja na nahodha wake wawe watu wa sifa njema, wasiopata kuhukumiwa kwa kosa la kuuza watu. Hati ilipasa kufanywa upya kila mwaka. Jina la chombo na uzito wake vilipasa kuchongwa na kupakwa rangi kwenye shetri kwa herufi za Kilatini, na juu ya tanga zipigwe kwa wino mweusi herufi za bandari yake na nambari ya daftari, ili asomaye kwa darubini amjue mwenyewe kabla hajamfikia. Nahodha alichukua orodha ya mabaharia na orodha ya abiria weusi. Na Mwafrika aliyeajiriwa chomboni alitakiwa kwanza aulizwe na mwenye mamlaka kama amekubali kwa hiari yake. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolihesabu kuwa bora kupita yote, maana lilimpa kauli mtu ambaye mikataba iliyotangulia ilimtaja kama shehena tu.

Ufaransa iliidhinisha mapatano hayo tarehe 2 Januari 1892, ikaviacha vifungu vya upekuzi, na ugomvi juu ya bendera hiyo ukabaki pale pale hata Uingereza na Ufaransa zikapeleka shauri kwa mahakimu watatu mjini The Hague: Lammasch wa Austria, Fuller wa Marekani na Savornin Lohman wa Uholanzi. Seyyid Faisal bin Turki wa Maskati, ambaye raia wake ndio walioshindaniwa, hakuwa mdai wala mdaiwa katika baraza hilo, na dhuluma ya jambo hilo haipunguzwi na uzuri wa hukumu. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Waliopewa bendera kabla ya Januari 1892 wabaki nayo. Baada ya tarehe hiyo asipewe yeyote, ila aliyethibitisha kwamba Ufaransa ilimweka katika himaya yake kabla ya mwaka 1863. Na hati ya bendera, wakasema mahakimu, haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la tajiri yule yule.